Jembe la Mgeni: Kazi na Utu katika Nchi ya Korosho

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hii katika maandishi yake juu ya Ujamaa. Wako wanaoidhania kuwa ni neno la uchoyo, kana kwamba mwenyeji anadai fidia ya chakula chake. Sivyo. Apewaye jembe ameuvua ugeni; amekubaliwa kuwa mmoja wa watu wa mji.

Mtaalamu wa uchumi, E.F. Schumacher, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alikaribia hekima hiyo katika kitabu chake Small Is Beautiful cha mwaka 1973. Alieleza kuwa kazi ina shabaha tatu: kumwezesha mtu kukuza vipaji vyake, kumtoa katika ubinafsi kwa kumshirikisha na wenzake, na kuzalisha vitu vinavyohitajiwa na maisha. Uchumi unaoitazama shabaha ya tatu peke yake huwasahau watu.

Natuyapime maneno hayo kwa historia ya Masasi na Newala, tangu majabali ya Masasi mpaka ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma. Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao waliyaacha makwao wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya wageni. Ujira waliupata, lakini jembe la nyumbani liliachiwa wanawake na wazee. Baada ya Vita Kuu ya Pili mikorosho ilienea, na fedha ikaanza kupatikana karibu na nyumba. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka kusini.

Ndipo vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho kwa mashine, vya Masasi na Newala vikiwamo. Nia ilikuwa njema. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, wengine wakawa mbali na mikorosho yao. Bei haikumtia moyo mkulima. Na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mashine zilizotaka shehena kubwa zikakosa cha kubangua, na viwanda vikanyamaza.

Baadaye mikorosho ilifufuka. Msimu wa 2017/18 zilikusanywa tani zaidi ya 300,000, maradufu ya kilele cha zamani. Hata hivyo, sehemu kubwa ilisafirishwa ikiwa ghafi, ikabanguliwa ng'ambo. Basi tumefundishwa kuwa ukuaji wa uchumi na ajira si pacha: tani zaweza kuongezeka, na kijana wa Newala angali ameketi barazani.

Hatusemi kwamba mashine ni adui. Twasema kwamba chombo hakina budi kulingana na mikono iliyopo. Wako wanawake wanaobangua korosho katika vikundi vidogo. Mizigo yao ni michache, lakini katika kazi hiyo mna ustadi, ushirika na riziki, yaani shabaha zote tatu. Kwa hiyo wanafunzi wetu wasikiapo kwamba uchumi umekua, wasiishie kuuliza umekua kwa kiasi gani. Na waulize pia: umempa nani jembe?