Nauli ya Ziwani na Uhai wa Mtoto (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu wa Nyahanga, najua utasema, "Nesi, sisi Kahama ziwa liko wapi?" Haliko. Ila likizo ikifika, wangapi hapa tuna bibi Ukerewe au shangazi Bukoba? Soma mpaka mwisho.

Tuanzie mbali. Meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon iliingia majini Kisumu mwaka 1900. Vipande vyake vilitoka Mombasa, na sehemu ya njia vilibebwa na wapagazi. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu, na meli zikawa mkono wa reli: zinakusanya watu, pamba na ngozi kuzunguka ziwa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikapita hapa jirani Shinyanga, ikafika Mwanza.

Sasa sikia hesabu ya meli. Mafuta, mishahara na matengenezo vinalipwa hata ikienda nusu tupu. Kwa hiyo abiria wa mwisho kupanda, na mkungu wa mwisho wa ndizi, ni karibu faida tupu. Hapo ndipo kishawishi kilipo.

Na sisi abiria tunasukuma pia. Ukiachwa leo, unalala bandarini na watoto, na ndizi zako zinaiva. Kila mmoja anasema, "Mimi ni mmoja tu, nitaizamisha vipi?"

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Ilitengenezwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Walikufa mamia, na mpaka leo hesabu kamili ina ubishi, maana huwezi kuhesabu watu ambao hukuwaandika.

Tukasema haitarudia. Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ukienda Mwanza kwa njia ya Geita huhitaji tena kivuko pale. Lakini visiwani bado ni majini tu.

Jamani, mtoto wa mgongoni halipi nauli, kwa hiyo ni rahisi asiandikwe popote. Kwenye hesabu ya mapato hayupo. Kwako wewe ndiye safari yenyewe. Basi:

1. Taja jina la kila mtoto kwenye orodha, hata wa wiki mbili. Usiondoke dirishani hajaandikwa.

2. Kabla hamjang'oa nanga, ulizia jaketi okozi la saizi ya mtoto. La mtu mzima litamvuka.

3. Usimfunge mtoto mgongoni kisha ukavaa jaketi juu yake.

4. Ukiona watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, shuka. Nauli iliyopotea inatafutwa tena.

Mtumie baba watoto naye asome. Mara nyingi ndiye anayesema, "Panda tu, tutachelewa."

Sehemu ya 4 nitaongelea bodaboda na watoto watatu.