William Thomson (Lord Kelvin)

William Thomson, Baron Kelvin (26 Juni 1824 – 17 Desemba 1907), alikuwa mwanafizikia, mwalimu na mhandisi mzaliwa wa Belfast, Ireland.

Ualimu
Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 22, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, akafundisha huko hadi 1899. Aliwafungulia wanafunzi maabara, wakajifunza fizikia kwa kupima wenyewe badala ya kusikiliza mihadhara tu. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha halijoto kinachoanzia sifuri halisi, yaani nyuzi −273.15 za Selsiasi.

Uhandisi
Alikuwa mshauri wa mradi wa kutandaza waya wa telegrafu chini ya Bahari ya Atlantiki. Waya wa 1858 uliharibika baada ya wiki chache, kwani ulipitishiwa volteji kubwa mno. Thomson alibuni galvanomita ya kioo, iliyoweza kutambua mkondo hafifu sana wa umeme. Waya wa 1866 ulifanikiwa, naye akatunukiwa cheo cha "Sir". Baadaye aliboresha dira ya meli.

Amezikwa Westminster Abbey, London. Kizio cha halijoto, kelvini, kinaenzi jina lake.