Wagenia: mpango wa biashara ulioanza bila karatasi

Wageni wanaofika Kisangani hupiga picha miti mirefu iliyosimama kwenye maporomoko ya Wagenia, imefungwa kwa kamba za msituni, na mitego mikubwa ya kusukwa ikining'inia juu ya maji. Kwa wavuvi, miti ile ni mtaji.

Stanley alipopita hapa Januari 1877, aliwakuta wenyeji tayari wanavua hivyo. Maporomoko ya Boyoma ni saba, na haya ndiyo ya mwisho. Meli zinazotoka Kinshasa haziwezi kuyavuka. Kwa sababu hiyo wazungu waliweka kituo mwaka 1883, na reli ya kwenda Ubundu ikafunguliwa mwaka 1906. Mji ukakua, wanunuzi wa samaki wakaongezeka.

Kazi yenyewe inaanza kwa gharama. Kabla ya samaki wa kwanza, miti ikatwe msituni, iburutwe hadi mtoni na kusimamishwa kwenye mwamba, mkondo ukiwa mkali. Mitego nayo isukwe. Mtu mmoja hawezi. Ndiyo maana familia zinasaidiana, na mahali pa kuvulia hurithiwa, baba kwa mtoto. Maji yakijaa, mto unaweza kubeba miti na mitego yote. Anayekula samaki wote wa leo, kesho hana cha kusimamisha.

Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Raia wengi walikufa, nyumba zikabomolewa. Wagenia walirudi mtoni, kwa sababu ujuzi na makubaliano ya familia havikuweza kuporwa.

Tangu 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umezikimbiza familia nyingi hadi Lubunga. Hao wamepoteza kitu ambacho Mgenia bado anacho: mahali pake. Shamba halibebwi kichwani.

Lakini utaratibu unabebeka. Mama anayeanza kuuza makala au chikwange kando ya barabara anaweza kupanga vilevile: pesa ya kununulia mzigo ujao iwekwe kando kabla ya pesa ya chakula, kila mtu nyumbani ajue kazi yake, na wenzake wa likelemba wakubaliane mapema nani anapokea lini. Maji yatajaa tena. Heri yakute miti mingine imekwisha kukatwa.