Munganga wa Miti Katika Muji wa Shaba

Mutu wa Lubumbashi akigonjwa, jamaa wanamuambia: "Wende kwa munganga." Pale pale anaweza kuuliza: "Munganga gani? Ya kizungu ao ya miti?" Swali hili dogo linabeba historia ya dawa katika muji wetu.

Zamani mutu hakuuliza vile. Kwa Waluba, bilumbu walitafuta sababu ya ugonjwa kwa kuagua, wakitazama vitu vidogo ndani ya kibuyu kinachoitwa mboko. Nganga alijua miti na mizizi. Hata wafua shaba wa Katanga hawakuwasha tanuru bila dawa. Kwa wazee wetu, dawa haikuwa ya tumbo na kichwa tu. Ilikuwa namna ya kurudisha kila kitu mahali pake.

Mwaka 1910 Elisabethville ikaanzishwa. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Kila kabila lilikuja na mizizi yake, ndiyo maana dawa ya Lubumbashi ni ya muchanganyiko. Toka mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iliweka wafanyakazi pamoja na familia ndani ya kambi, na lopitali zake. Wamisionari wengi walimuhesabu nganga kuwa muchawi, kumbe kazi yake ilikuwa kupigana na uchawi. Basi akajificha. Lakini watu walimupa daktari Muzungu jina lile lile: munganga.

Uamsho ulikujaje? Wakubwa walisema mengi: Mobutu na "authenticité" miaka ya 1970, kisha mukutano wa Alma-Ata mwaka 1978, uliotambua kazi ya waganga wa kienyeji. Lakini kwetu, kilichosukuma watu ni kitu kingine. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto uliporomoka. 1991 kukawa uporaji. Shaba ya Gécamines, iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka chini ya 50,000 kufikia 1993. Lopitali za kampuni zikakosa dawa. Watu wakarudia mizizi, si juu ya kupenda mila, lakini juu ya makuta kukosekana. Tuseme wazi: kitu kilicholetwa na njaa kinaweza kuondoka pamoja na njaa.

Tutazame Wahindi. Dawa yao ya Ayurveda iko ndani ya vitabu vya zamani sana, kama Charaka Samhita. Walipotaka kuiamsha katika karne ya 20, walifungua vitabu na kujenga vyuo. Toka 2014 iko na wizara yake. Sisi tulipitisha yetu kwa kinywa. Kambo yangu alijua muzizi wa kutuliza homa ya watoto. Alipofariki, mama alibaki anakumbuka uchungu wake tu. Jina la muti, hapana.

Hapa Université de Lubumbashi watafiti wameanza kazi hiyo. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya majaribio ya mimea 9 ambayo waganga wa hapa wanatumia kwa ugonjwa wa sukari, kati yake Azanza garckeana na Vitex madiensis. Waliijaribu juu ya wanyama wa maabara, na mingine ilishusha sukari kweli. Mutu aliye mugonjwa asiache dawa za daktari juu ya hiyo. Lakini ni mwanzo wa heshima. Sheria ya afya ya Desemba 2018 nayo inaipa dawa ya kienyeji nafasi yake.

Hatari iko sokoni, kwa chupa moja inayoponya sukari, "tension" na utasa kwa pamoja, bila kipimo. Nganga wa kweli anauliza kwanza: mugonjwa ni nani, ana miaka ngapi, ana mimba? Kisha anapima.

Walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi kwa kambo zao na daftari. Kila mumoja aandike muti mumoja: jina katika luga ya nyumbani, ni jani ao muzizi, unatayarishwa namna gani, kipimo gani, na nani amekatazwa kuunywa. Tufanye mwaka huu, wakati kambo wangali wanajibu.