Chumvi ya Mlimani: Mapango, Maporomoko na Ngome za Kitale na Bungoma

Kutoka Kitale hadi fukwe za Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na Bungoma haiko karibu na bahari kuliko hapo. Vivutio vya sehemu hizi mbili za magharibi mwa Kenya vina chanzo kingine, nacho ni Mlima Elgon, ambao Wabukusu, jamii ya eneo hili, huuita Masaba. Ni volkeno iliyozimika zamani, iliyokaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Kilele chake kirefu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Kilele kinachojulikana zaidi upande wa Kenya ni Koitobos, chenye mita 4,222. Huko ndiko inakoanzia mito mingi ya eneo hili, na chumvi nayo iko huko huko.

Chumvi hiyo imo ndani ya kuta za mapango. Pango la Kitum, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotengwa mwaka 1968, limeingia mlimani kiasi cha mita 200. Usiku ndovu huingia humo mmoja nyuma ya mwingine, wakipapasa njia kwa mikonga gizani, kisha hubandua mawe kwa pembe na kuyatafuna. Alama za pembe zimejaa ukutani, na yaelekea karne nyingi za kazi hiyo zimechangia kulipanua pango. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyepita hapa mwaka 1883, alikuta watu wakiishi mapangoni. Alipoona ukubwa wake alikata shauri kwamba yalichimbwa na taifa fulani la kale lililostaarabika. Wasabaot waliokuwa wakilaza ng'ombe wao humo hawakuhitaji taifa la kubuni. Mapango yalikuwa nyumba, zizi na kimbilio wakati wa vita.

Kitum lilipata sifa mbaya miaka ya 1980. Watu wawili waliougua homa ya Marburg na kufariki, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waligunduliwa kuwa walilitembelea kabla ya kuugua. Popo wa matunda hubeba kirusi hicho, hivyo kinyesi chao si kitu cha kugusa kwa mkono mtupu. Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, waliipata ndovu wenyewe: ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana, na leo mgeni huona alama za pembe kwa urahisi kuliko mwenye pembe.

Maji ya mlima huu hayaendi upande mmoja. Suam huelekea kaskazini, hugeuka kuitwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Mito mingine humwaga maji yake Nzoia, ambao huenda Ziwa Viktoria. Kati ya mlima huo na vilima vya Cherangani ndipo ulipo mji wa Kitale, ulioanzishwa na walowezi wa Kizungu mwaka 1908 kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya wafugaji. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo palikuwa kituo cha misafara ya watumwa. Reli ilifika mwaka 1926. Mwaka huo huo Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu, alianzisha makumbusho yake binafsi. Alifariki mwaka 1966 na kuliachia taifa mkusanyo wake, na jengo jipya la Makumbusho ya Kitale likafunguliwa mwaka 1974.

Mwaka 1974 ndio pia Saiwa ilipotengwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni kinamasi chenye eneo la kilomita za mraba 3 hivi, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, na ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Gari haliingii. Mgeni hupita kwa miguu juu ya njia za mbao, hupanda mnara na kusubiri, hasa alfajiri. Mitini huishi tumbili mwenye ndevu nyeupe, ambaye Wakenya walimpa jina la karasinga.

Nzoia ukishafika Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, hujitupa kwenye miamba ya Nabuyole, maporomoko yaliyoitwa Broderick zama za ukoloni. Juu yake, kilimani, kuna mabaki ya ngome ya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walipambana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley, chenye askari Wasudani na wapiganaji Waganda. Ngome yao ya Lumboka ilianguka kwanza. Walionusurika wakakimbilia Chetambe, ngome ya Watachoni yenye boma na handaki, nayo ikavunjwa kwa bunduki ya Maxim. Wengi walikufa, na ng'ombe wakaswagwa. Hakuna mahali katika kaunti hii panapostahili kutembelewa kwa utulivu zaidi.

Elijah Masinde alilijua hilo. Mwanzilishi huyu wa Dini ya Msambwa, mzaliwa wa Kimilili aliyewahi kuichezea Kenya kandanda, aliwaongoza wafuasi wake Chetambe mwaka 1947 kuwakumbuka waliouawa. Mwaka uliofuata polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu 11 wakafa, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Masinde alipelekwa kizuizini Lamu, kisiwa ambacho leo watu hulipa fedha nyingi kwenda kupumzika, kisha Marsabit. Alifariki mwaka 1987.

Hata leo Wabukusu hutahiri vijana mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Alfajiri hupelekwa mtoni kupakwa tope baridi, na barabara hujaa nyimbo. Anayetaka kuiona Nabuyole ikiwa na nguvu aende miezi ya mvua, kati ya Aprili na Agosti. Anayepanda Koitobos asubiri Desemba hadi Februari, na achukue nguo nzito.