Kuku Aliyedonolewa au Aliyekwama Yai: Mtenge Kwanza, Dawa Baadaye

Katika mitaa mingi ya Nakuru, na katika mashamba madogo ya Njoro, Molo na Gilgil, nyumba yenye kuku kumi nyuma ya ua si jambo la ajabu. Wapo na ndugu zetu wa Pwani waliohamia huko kwa kazi na biashara, nao wanafuga. Wengi wao wana kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa kituo cha KALRO cha Naivasha, ambao hutaga mayai mengi kuliko kienyeji wa zamani. Mayai yakizidi, na matatizo ya kutaga huzidi.

Tatizo linaloua kuku wengi bila sababu ni hili: mwenye kuku anaona damu nyuma ya mkia, anakimbilia agroveti kutafuta dawa, na kuku anamwacha palepale na wenzake. Akirudi anakuta matumbo yameshavutwa nje. Kuku wakiona chekundu hudonoa, na wakishaonja damu hawaachi. Kwa hiyo tiba ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kumtenga mgonjwa papo hapo.

Mahali pa kumtenga

Katoni kubwa au kikapu chenye matundu ya hewa kinatosha. Tandika maranda makavu au kitambaa safi, weka maji karibu, na ukiweke pahali pa kimya penye giza kidogo. Nakuru mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi. Usiku wa Julai kuku aliyepoteza damu anaweza kufa kwa baridi tu. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, umlaze karibu nayo. Usimfungie chumbani na jiko la makaa, kwani moshi wake usioonekana huua kuku na watu. Aliye Likoni au Malindi ana shida tofauti: ampe kivuli na upepo, na awachunge nzi.

Jeraha la kudonolewa

Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe hadi uvuguvugu. Osha jeraha taratibu hadi uchafu wote utoke. Kama damu bado inatoka, bana kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia. Punguza manyoya yanayogusa kidonda, kisha paka iodini iliyozimuliwa. Rudia kuosha mara mbili kwa siku.

Usipake mafuta ya taa, oili chafu ya gari wala majivu. Vitu hivyo huchoma nyama mbichi na kuchelewesha kupona. Kila siku chunguza kama kuna funza, hasa chini ya mkia. Wakionekana, watoe wote kwa kibano na uoshe upya. Ngozi ya kuku hupona vizuri, hata jeraha lililotisha siku ya kwanza, mradi libaki safi na asidonolewe tena.

Nyama iliyotoka nje

Wakati mwingine hakuna aliyemdonoa kwanza. Kuku amejikamua kutoa yai kubwa, na sehemu ya ndani ya njia ya yai imetoka kwenye kinyeo, yaani tundu la nyuma, ikabaki nje, nyekundu na yenye unyevu. Wenzake huiona na kuidonoa.

Kama nyama hiyo ni nyekundu au ya waridi na haijachanika, inaweza kurudishwa. Ioshe kwa maji ya chumvi yaleyale. Ikiwa imevimba sana, ipake asali au sukari iliyolowa kwa dakika kumi hivi. Hunyonya maji na uvimbe hupungua. Suuza, vaa glavu, paka kidole vaselini, kisha isukume ndani polepole na uishikilie dakika chache. Ikitoka tena, rudia.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kumzuia asitage kwa siku kadhaa. Mweke gizani sehemu kubwa ya siku, apate mwanga wa saa nane tu au pungufu, kwa sababu mwanga ndio unaoamsha mwili wa kuku kutaga. Ujue pia kwamba tatizo hili hupenda kurudi. Kuku aliyetoka nyama mara ya pili au ya tatu si wa kutegemewa tena kwa mayai.

Yai lililokwama

Kuku huyu husimama wima mkia ukiwa chini, hujikamua mara kwa mara, huingia kiotani na kutoka bila yai, na huacha kula. Ukipapasa chini ya kinyeo unaweza kuhisi kitu kigumu.

Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kama yale ya kuogeshea mtoto mchanga, yafike tumboni, kwa dakika 15 hadi 20. Mkaushe vizuri, mpake mafuta ya nazi kwenye kinyeo na ndani kidogo, umrudishe kwenye katoni yenye joto na giza. Mpe kalsiamu: chokaa ya kulishia kuku au maganda ya mayai yaliyosagwa ndani ya uji mwepesi. Misuli inayosukuma yai haifanyi kazi bila kalsiamu. Baada ya saa mbili, rudia beseni.

Usilibonyeze yai kwa nguvu wala kulivunja ndani kwa makusudi. Vipande vya ganda hukata njia ya yai na kuleta usaha. Likiwa halijatoka baada ya siku nzima, mtafute daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa kaunti. Mtafute pia ukiona kuku anapinda shingo, anapumua kwa shida au anaharisha kijani. Hayo si mambo ya jeraha. Huenda ni kideri, na kuku wote wako hatarini.

Dawa na mayai ya nyumbani

Ile dawa ya buluu ya kupulizia vidonda mara nyingi ina antibiotiki, na hivyo hivyo baadhi ya unga wa kutia kwenye maji. Soma karatasi yake. Imeandikwa ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe. Yai la kuku aliye kwenye dawa lisiliwe nyumbani wala lisiuzwe kwa jirani.

Kuchinja kwa wakati

Matumbo yakiwa nje yamechanika, au nyama iliyotoka imekuwa nyeusi na kunuka, usimtese kuku kwa matumaini. Kwetu Waislamu hapa pana hesabu ya wakati. Aya ya tatu ya Sura Al-Maidah imeharamisha mzoga na mnyama aliyejeruhiwa akafa, ila mliyewahi kumchinja. Fikihi ya Kishafii, ambayo wengi wetu Pwani tunaifuata, huangalia kama bado ana uhai uliotulia kisu kinapomfikia. Anayesubiri hadi kuku akate roho amekula hasara mara mbili: kuku ameteseka, na nyama ni kibudu. Lakini aliyekuwa na homa, usaha au dawa mwilini, mchinje kumpumzisha na umzike. Si wa kuliwa.

Banda ndilo lenye kosa

Kuku mmoja akidonolewa ni bahati mbaya. Wa pili ni ishara. Hesabu kwanza nafasi, kwani viwanja vya mjini ni vidogo na kuku waliobanana hugombana. Weka kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, pahali penye giza, ili wenzake wasimwone anayetaga kinyeo kikiwa wazi. Bonde la Ufa lina mahindi tele, lakini mahindi matupu hayamtoshi mtagaji. Anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Ongeza sukuma wiki ya kuning'iniza, wapate cha kudonoa.

Nakuru iko jirani na ikweta, mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo wengine huwasha taa ili kuku watage zaidi. Usiwashe kwa tembe ambao hawajakomaa. Wataanza kutaga mapema na nyama itawatoka.

Aliyepona naye asirushwe bandani ghafla. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na akikaa nje wiki mbili amekuwa mgeni. Muweke kwanza nyuma ya wavu siku tatu au nne waonane, kisha umwingize usiku wenzake wakiwa wamelala. Asubuhi amka mapema ukawatazame.