Unasihi wa dharura kwa wanafunzi wa vyuo

Unasihi wa dharura kwa wanafunzi wa vyuo (pia huitwa ushauri nasaha wa dharura) ni huduma ya kumsaidia kijana aliyeko masomoni anapofikwa na jambo linalozidi uwezo wake wa kustahimili, hasa pale ambapo uhai wake au wa mwenzake uko hatarini. Anayetoa huduma hiyo huitwa mnasihi. Kazi yake si kuponya ugonjwa wa akili, wala si kuamua kesi ya nidhamu. Ni kumvusha mtu katika saa au siku chache zilizo ngumu kuliko zote, kisha kumkabidhi kwa watu watakaoendelea naye.

Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa kuangalia hasa mkoa wa Dodoma, nchini Tanzania, pamoja na wilaya ya Chamwino iliyo jirani na jiji. Huko vyuo vingi, hospitali kubwa ya magonjwa ya akili na vijiji vya wakulima wanaotegemea mvua vimekaa karibukaribu.

Asili yake

Wazo kwamba dharura ya moyo ina mwanzo na mwisho lilianza kuandikwa kitaalamu baada ya moto ulioteketeza ukumbi wa Cocoanut Grove mjini Boston, Marekani, Novemba 1942, na kuua watu 492. Daktari Erich Lindemann aliwafuatilia walionusurika na wafiwa, akachapisha maelezo yake mwaka 1944. Baadaye Gerald Caplan alifundisha kwamba hali kama hiyo kwa kawaida hudumu wiki 4 hadi 6, na kwamba msaada mdogo unaotolewa mapema hufaa kuliko msaada mkubwa unaochelewa. Mwaka 1953, jijini London, mchungaji Chad Varah alianzisha huduma ya Samaritans, ambayo mtu aliyekata tamaa angeweza kuipigia simu akasikilizwa.

Afrika Mashariki neno "ushauri nasaha" lilienea kwa njia nyingine. Watanzania wengi walilisikia kwanza katika vituo vya kupima VVU kwa hiari, kama vile vituo vya Angaza vilivyoanza mwaka 2001. Kwa sababu hiyo wapo hata leo wanaodhani kwamba anayeonekana akiingia kwa mnasihi amekwenda kupokea majibu ya damu.

Jambo lililoonyesha uzito wa huduma hii katika vyuo vya kanda yetu ni shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wanasihi walihitajika kwa walionusurika na pia kwa wazazi waliosubiri kutambua miili Nairobi. Baadaye wanafunzi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Mazingira ya Dodoma na Chamwino

Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka huohuo kilianza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, na mjini kipo pia Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Wilaya ya Chamwino nayo ilizaliwa mwaka 2007, ilipogawanywa wilaya ya Dodoma Vijijini. Humo kuna Ikulu, na kuna chuo cha afya huko Mvumi kinachofundisha pembeni mwa hospitali ya Kanisa Anglikana.

Vijana wa vyuo hivi hutoka kila pembe ya nchi, na wengine hutoka vijiji vya Wagogo vya papo hapo. Sehemu hii ya nyanda za kati ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Mtama, uwele, alizeti na karanga huvunwa baada ya hapo. Chuo, kwa upande wake, hufungua milango Oktoba au Novemba, wakati ghala la mzazi limebaki vumbi. Ada, kodi ya chumba na nauli vinadaiwa kabla mbegu haijaingia ardhini. Mtu asiyeijua kalenda hii ya shamba atamwona mwanafunzi anayelia mwezi wa Novemba kuwa ana tatizo la akili, kumbe ana njaa na aibu.

Yapo na mengine. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambazo wanafunzi huziita "bumu", zinaweza kuchelewa. Matokeo yanaweza kumtupa mtu nje ya chuo, yaani "kudisko", naye ndiye mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu, tena aliyechangiwa na kijiji kizima. Kuna mimba zisizotarajiwa, kuachwa na mpenzi, kufiwa, madeni ya mikopo ya simu na ya kamari za mpira, na unyanyasaji wa kingono. Kuna pia magonjwa yenyewe, kama sonona na skizofrenia, ambayo mara nyingi huanza kujitokeza katika umri huuhuu wa chuo.

Wakati mwingine dharura huwa ya wengi. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliokuwa UDOM waliamriwa kuondoka chuoni ghafla, baada ya masomo kukwama kwa mgomo wa walimu. Katika siku kama hiyo mnasihi hana nafasi ya mazungumzo ya saa nzima. Anatafuta nauli, maji, simu ya kumpigia mzazi, na mahali salama pa kulala kwa binti asiye na ndugu mjini, na hayo yote ni unasihi.

Kazi yenyewe

Mwanafunzi mwenyewe huja mara chache. Mara nyingi anayeleta habari ni mwenzake wa chumbani, kiongozi wa darasa, mlezi wa bweni, mlinzi wa usiku au rafiki aliyeona maneno kwenye WhatsApp: "nisameheni", "msinitafute". Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya dharura, kwa kuwafundisha watu hao namna ya kutambua dalili na nani wa kumpigia. Aliyepanga chumba mtaani, nje ya uzio wa chuo, ni mgumu zaidi kumfikia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2011 lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye hatua tatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kutazama ni kujua kama mahali pana usalama na nani ana hali mbaya zaidi. Kusikiliza ndiko kunakowashinda wengi, hasa walimu na viongozi wa dini, waliozoea kusema.

Kwa Kiswahili mtu aliyezidiwa si lazima aseme kwamba ana huzuni. Atasema "nawaza sana", "kichwa kinawaka moto", "moyo unakwenda mbio", au "nimechoka" tu. Mnasihi hana haki ya kulipita neno "nimechoka" bila kuuliza: umechoka nini? Masomo, au kuishi? Kisha anauliza moja kwa moja: "Umefikiria kujiua?" Wengi huogopa swali hili wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali haukuthibitisha hofu hiyo, na aliyeulizwa mara nyingi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Lisilofaa ni kuuliza kwa namna inayodai jibu la hapana, mathalani "Huwezi kufanya ujinga huo, au siyo?" Hapo mwanafunzi atajibu "hapana, mama" kwa heshima, na mlango utakuwa umefungwa.

Heshima hiyo ina uzito wake. Kijana anayeanza na "shikamoo" amejiweka chini, na kuna mambo ambayo mdogo hamwambii mkubwa, hasa ya mapenzi. Ndiyo maana vyuo vingine huandaa wanafunzi wenzao, wa rika moja, kuwa wasikilizaji wa kwanza. Hawa wanafaa kufungua mazungumzo, lakini si haki kuwabebesha dharura ya uhai peke yao usiku kucha.

Jibu likiwa ndiyo, mnasihi hamwachi mtu peke yake. Huuliza kama ana mpango, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu, ili kiondolewe. Kisha huandika naye mpango wa usalama. Utaratibu unaotumika sana ni ule wa Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012: dalili zinazomwonya mtu kwamba hali inarudi, mambo anayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kwenda, namba za kupiga, na namna ya kuweka mbali vitu vya hatari. Karatasi moja yatosha. Maneno yawe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa lugha anayoiwazia.

Siri na sheria

Msingi wa kazi hii ni siri. Mnasihi hueleza mwanzoni kabisa kwamba siri ina mpaka: ikiwa uhai uko hatarini, mtu mwingine ataambiwa, tena kwa kumshirikisha mwanafunzi kadiri inavyowezekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Ugumu hutoka upande mwingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kifungu hicho ni urithi wa sheria ya Kiingereza, ambayo Uingereza wenyewe waliifuta mwaka 1961. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho, cha 226, ni kinyume cha Katiba. Athari yake kwa mwanafunzi huonekana hata pasipo kesi mahakamani. Aliyejidhuru huogopa kupelekwa hospitali kwa sababu ya fomu ya polisi, PF3, na wenzake huogopa kuitwa mashahidi. Wanamficha bwenini, na saa ambazo daktari angezitumia zinapotea. Sheria iliyokusudiwa kuzuia kifo, kwa jinsi hiyo, humkimbiza mgonjwa kwa anayeweza kumwokoa.

Rufaa

Kwa mkoa wa Dodoma, mahali pa juu pa rufaa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko katika eneo la UDOM. Chamwino ina Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa kwa kutumia fedha zilizokuwa zimetengwa kwa sherehe za Uhuru za mwaka 2018, pamoja na ile ya Mvumi.

Umbali, basi, si kikwazo kikubwa kama jina. "Huyu wa Mirembe" ni tusi la mtaani kote Tanzania, na mwanafunzi aliyeambiwa aende huko huona amehukumiwa. Mnasihi mzoefu hueleza atakayokutana nayo: ataulizwa nini, kwamba wagonjwa wengi hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, na kwamba dawa ya sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ikiwezekana humsindikiza hadi dirisha la mapokezi. Familia nayo inaweza kutaka kumpeleka kwanza kwa mganga wa jadi au kwenye maombi. Kubishana nayo huleta hasara, na yenye faida ni makubaliano kwamba maombi yaendelee na dawa zisiachwe.

Mwanafunzi akirudishwa kijijini kupumzika, unasihi wa chuo hukatika. Anachoondoka nacho ni karatasi ya mpango wa usalama, tarehe ya kliniki, na jina la mtu mmoja wa nyumbani, mara nyingi shangazi au kaka, aliyekubali kuzishika dawa na kupokea simu ya mnasihi kila wiki mpaka muhula mwingine ufunguliwe.